Usimnyang'anye Kitabu Kinachomliza

Mwezi huu najibu barua za vitabu peke yake. Zimezidi tangu niliposema hapa kwamba kibaraza changu cha Kibokoni, hapa Mombasa, Jumamosi baada ya alasiri, kiko wazi kwa mtoto yeyote anayetaka kuazima. Nimefundisha miaka 31 kabla ya kustaafu, na kila kitabu ninachokitaja nimekisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho kabla hakijaingia mkononi mwa mtoto wa mtu. Basi maoni ni yangu, na lawama pia ni yangu.

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Binti yangu ana miaka 11. Ameazima kwako kitabu cha picha cha wakimbizi wa Dadaab. Leo usiku wa tatu namsikia akilia ndani ya chandarua, na asubuhi yuwakisoma tena kabla ya chai. Babake asema kitabu cha mtoto ni cha kumfurahisha mtoto, ameniambia nikirudishe. Nifanyeje? – Mama wa Kisauni*

Wa alaykum salaam mwanangu. Kitabu hicho ni *When Stars Are Scattered*, kilitoka mwaka 2020. Wameshirikiana wawili: Omar Mohamed na mchoraji Victoria Jamieson. Omar ndiye yule mtoto unayemwona ndani ya picha. Alikimbia vita Somalia akiwa mdogo mno, yeye na nduguye Hassan, baba ameuawa, mama wamepotezana naye njiani. Wakalelewa kambini miaka na miaka mpaka walipochukuliwa Marekani. Hassan ana kifafa, na maneno hayamtoki isipokuwa moja, *hooyo*, ambalo kwa Kisomali ni mama.

Nakala aliyo nayo bintiyo nimeivika karatasi ya kaki na juu yake nailoni, kwa sababu hapa kibarazani watoto husoma huku wakila mabuyu. Rangi ya mabuyu unaijua, haitoki kwa sabuni wala ndimu. Kitabu kikirudi, kazi yangu ya kwanza ni kutafuta vidole. Alikopita mtoto mbio, karatasi ni safi. Alikokaa, utaona dole gumba jekundu pembeni, na pengine la pili chini yake. Katika kitabu hiki vidole vimejazana pale Omar anapopata nafasi ya kuanza shule naye hawezi kumwacha Hassan peke yake. Nimehesabu vidole vya watoto wanne au watano, vikubwa na vidogo, vimepandana. Pale hapana bunduki wala damu. Pana mtoto aliye umri wa bintiyo, amewekwa kati ya daftari na nduguye, achague.

Nikafahamu watoto wetu walilia nini. Nyumba ngapi huko kwenu Kisauni dada mkubwa hubaki kumshika mdogo wake ili mama awahi soko la Kongowea alfajiri? Binti asiyejua vita anaijua hiyo. Na Dadaab yenyewe si nchi ya watu. Iko kaunti ya Garissa, humu humu Kenya. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zina wakimbizi tangu mapema miaka ya 1990, na kuna watoto waliozaliwa humo wakazaa humo. Ukitoka Mombasa ni Malindi, Garsen, Hola, unaingia Garissa. Mimi nilisomesha jiografia na sikuwahi kumfundisha mwanafunzi hata mmoja mtu wa Dadaab anakula nini asubuhi. Kimekuja kitabu kutoka Marekani kikatufundisha, na bado hilo lanisikitisha.

Nikwambie kisa changu. Mwaka mmoja nilimnyang'anya msichana wa darasa la saba kitabu ambacho ndani yake mama wa mtu anafariki. Mamake mwenyewe alikuwa mgonjwa, amelazwa, na mimi nikaona namsitiri. Nikampa kingine cha vichekesho. Mama akafa muhula uliofuata. Siku nilipokwenda kuhani, yule msichana alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia, “Mwalimu, nilitaka kujua yule wa kitabuni alifanya nini kesho yake.” Sikuwa na la kumjibu, na kile kitabu nilikuwa nimekifungia kabatini ofisini. Tangu siku hiyo sijamnyang'anya mtoto kitabu kwa sababu kinamliza.

Kwa hivyo usikirudishe. Kaa naye kitandani, muulize amefika wapi, mwache akusimulie yeye. Na babake mpe kurasa za mwanzo azisome. Ni michoro, hazitamchukua muda wa kunywa chai ya pili. Mwambie nimemuomba mimi.

Sisemi kila kitabu cha kuliza ni kizuri. Vipo vya vijana siku hizi vinavyorundika mateso, kipigo juu ya kipigo, mpaka mtoto hana mtu wa kumpenda humo ndani. Hivyo huviweka rafu ya juu na sivitoi. Kitabu cha Omar kina machozi, lakini kina Fatuma pia, yule bibi aliyewachukua wana wawili wa watu akawafanya wake. Watoto wakikirudisha humtaja yeye kabla ya kuutaja msiba.

*Shikamoo Bi Mwalimu. Niko gredi ya nane. Mwalimu wetu alichukua kitabu changu cha katuni, akasema hicho si kitabu ni mchezo. Je, ni kweli? – Kijana wa Likoni*

Marahaba mwanangu. Si kweli, na nasema hivyo nikimheshimu mwalimu wako. Marekani kuna tuzo ya vitabu vya watoto iitwayo Newbery, hutolewa tangu 1922. Mwaka 2020 iliendea kitabu cha katuni kwa mara ya kwanza, *New Kid* cha Jerry Craft. Ninacho, na ningependa ukisome.

Jordan Banks ana miaka 12, anapenda kuchora, anataka shule ya sanaa. Wazazi wampeleka shule ya kulipia yenye watoto wa matajiri, ambako weusi kama yeye ni wa kuhesabu. Kuna mwalimu hamwiti mwenziwe kwa jina lake, kila siku ampa jina la mtoto mwingine mweusi. Hapigwi mtu, hatukanwi mtu, lakini wewe msomaji waona moyo wa yule mtoto unavyochubuka. Pahali ninapopapenda zaidi ni safari yake ya kwenda shule: basi likivuka mtaa mmoja hadi mwingine, yeye hubadilisha kofia ya sweta lake, anavyokaa, mpaka anavyotazama watu. Wewe unayevuka feri asubuhi kuja kusoma kisiwani, najua hilo halitaki maelezo. Hapo mchoraji hakuandika maneno mengi, na angeandika angeharibu.

Mwendee mwalimu wako wakati wa mapumziko, usimwendee mbele ya wenzako. Muombe kitabu kwa adabu, kisha muombe akupe dakika mbili umsimulie kilichomo. Mwalimu akisikia mwanafunzi anasimulia vizuri, moyo humlainika. Nasema kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

*Bi Mwalimu, mpwa wangu ana miaka 14, babake hayupo, nimemlea mimi. Hashiki kitabu. Akitoka shule ni kona na wenziwe, na hao wenziwe siwapendi. Nimpe kitabu gani? – Mjomba wa Bombolulu*

Ndugu yangu, wewe na mimi twajua kona hizo, na twajua kuna vijana wa umri huo waliotembea na mapanga wakarudishwa kwao ndani ya shuka. Sitakudanganya kwamba kitabu kitamtoa huko. Lakini umeniuliza kitabu, nami ninacho kimoja.

Kinaitwa *Long Way Down*, cha Jason Reynolds, 2017. Kijana Will ana miaka 15. Kakake amepigwa risasi akafa mtaani. Mtaani kwao kuna sheria tatu: usilie, usichongee, lipiza. Will achukua bastola ya kakake, aingia lifti kushuka chini akamuue anayemdhania. Kitabu chote ni ile dakika moja ya lifti. Kila ghorofa mlango hufunguka na huingia mtu anayehusiana naye au na kakake, na wote hao ni maiti.

Kimeandikwa kwa mashairi mafupi mafupi, kurasa nyingine zina maneno kumi tu. Mimi nimelelewa katika mji wa Muyaka bin Haji, kwetu tungo bila vina na mizani huitwa guni, na mwanzo nilikisoma kwa ubishi. Ubishi ulinitoka. Ule weupe wa karatasi ndio pumzi ya mtoto anayeogopa.

Mwaka jana alikuja mvulana wa rika la mpwa wako, amemleta dadake. Hakutaka hata kuketi. Nikampa kitabu hiki akakishika amesimama, ameegemea mwimo wa mlango, mguu mmoja ndani, mwingine nje, tayari kuondoka. Adhana ya magharibi ilimkuta papo hapo, na ule mguu wa nje ulikuwa umeshaingia ndani. Akaniuliza, “Bi Mwalimu, mwisho yuwatoka ama hatoki?” Kitabu hakisemi. Nikamwambia aniambie yeye. Alikaa kimya, kisha akasema, “Mimi nahisi aenda juu tena.” Ndivyo alivyosema, na mimi sikuongeza neno.

Kina bunduki, kina vifo, kisome wewe kwanza, ni cha usiku mmoja. Halafu usimwambie ni cha kumfunza. Kiache mezani karibu na chaja ya simu yake.

*Bi Mwalimu, mimi nasoma chuo, naishi Tudor. Nimesoma* The House of Rust *nikahisi kama nimeandikiwa mimi. Nataka kumpa mdogo wangu wa miaka 13, lakini mamangu asema ni mambo ya majini na uchawi. Tena wengine waniambia si cha watoto. Wewe waonaje?*

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, maana hiki ni chetu. Khadija Abdalla Bajaber ni wa hapa Mombasa. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 2021, na 2022 kikapata tuzo yenye jina la Ursula K. Le Guin, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Binti wa Kihadhrami, Aisha, babake mvuvi amepotea baharini, na yeye aingia chombo cha mifupa pamoja na paka mwenye elimu yake, akamtafute. Humo baharini yamo madubwana, na nchi kavu kunguru husema.

Uliwahi kusoma wapi kunguru wetu wakipewa akili yao? Hawa hawa wanaokaa juu ya nyaya pale Marikiti, wanaonyakua vitumbua mkononi mwa mtoto. Na paka wa Mji wa Kale, wanaolala juu ya baraza kana kwamba hati ya nyumba ni yao. Nilikisoma usiku, asubuhi nikatoka kununua mkate, paka akanitazama, nami nikamsalimu. Miaka 63 nimeishi na viumbe hawa, na msichana mmoja kwa kalamu yake amenifanya niwaone.

Kasoro yake nitaisema pia. Nusu ya kwanza ni bahari tupu, yakupeleka mbio. Wakirudi nchi kavu mwendo unapoa, na Kiingereza chake ni kizito, sentensi ndefu zilizopindana kama vichochoro vya kwetu. Ni kweli hakikutolewa kama kitabu cha watoto. Mtoto wa miaka 13 akipewa peke yake huenda akakwama katikati. Basi msomee. Msomee kwa sauti, sura moja kila usiku, na pahali pazito mfasirie kwa Kiswahili cha nyumbani. Mimi nilifanya hivyo na wajukuu wangu wawili, na mdogo alikuwa akidakia, “Nyanya, hapo Hababa amesema kama wewe.” Hababa ndiye bibi yake Aisha.

Kuhusu mamako, mwambie namwamkia, na namuuliza: yeye mwenyewe utotoni hakuhadithiwa majini? Nani wetu hakuambiwa asipige mluzi usiku? Hakuna bibi wa mji huu aliyeanza paukwa, akajibiwa pakawa, kisha akahadithia bila zimwi. Tuliogopa, tukajifunika, na kesho yake tukataka tena, na dini yetu haikutupotea. Ila yeye ni mama, na mtoto ni wake. Kama moyo wake haujatulia, asome kwanza. Usimpe mdogo wako kwa siri.

Ukiona hicho ni kikubwa kwake, anzia *Akata Witch* cha Nnedi Okorafor. Kilitoka 2011, si kipya sana, lakini sehemu yake ya tatu imetoka 2022 na watoto bado wanagombania. Msichana Sunny, mwenye ualbino, amezaliwa New York, anaishi Aba, Nigeria, agundua ana kipawa cha uchawi wa kwao. Huko kwao mtu akijifunza jambo jipya, vyuma vidogo vya thamani humdondokea kutoka juu, na hizo ndizo pesa zao. Hebu fikiria, mtoto kulipwa kwa kujua! Na jambo jingine kubwa: huku kwetu Afrika Mashariki watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa imani za kishenzi. Hapa pana msichana kama wao, ndiye anayebeba kisa chote, anacheza mpira, anakasirika, anakosea. Msichana mmoja mwenye ualbino hukikalia kitabu hicho kila Jumamosi, amekisoma mara nne. Nimemwambia akae nacho.

Ile riwaya nene ya Tomi Adeyemi ya 2018, *Children of Blood and Bone*, niliulizwa pia na wengine. Mwanzo wake ni moto, na majina ya Kiyoruba yamenipendeza. Lakini zapita kurasa 500 na vita havipumui, na bado kuna vitabu viwili mbele. Kwa mtoto anayesoma sana, sawa. Kwa anayeanza, hapana.

*Mwalimu mwenzangu, nakusoma kila mwezi. Mbona vitabu unavyosifu vyote ni vya Kiingereza na vyatoka ng'ambo? Kiswahili kimekosa nini? Nasomesha Changamwe na maktaba yetu ni kabati moja. – Mwalimu wa kiume*

Mwalimu, umenigusa donda, na sina haki ya kukukasirikia.

Kiswahili hakijakosa kitu. Mwaka 1996 Ken Walibora, Mungu amrehemu, alitupa *Siku Njema*, kijana anayeitwa Kongowea, jina la kale la mji wetu, mwana wa mwimbaji taarab wa Tanga, akitembea nchi nzima kumtafuta babake. Niliisomesha kwa watoto wa Kilifi, wa Kwale, wa hapa kisiwani, na sikuhitaji kumlazimisha mmoja wao kufungua ukurasa. Waliificha chini ya dawati wakati wa hisabati. Lakini hiyo ni ya 1996, na mtoto wa leo ananiuliza, Bi Mwalimu, nyingine kama hii iko wapi? Naipekua rafu nzima huku amesimama, na mkono wangu warudi mtupu.

Vipo vitabu vya watoto kwa Kiswahili, vingi, nami navinunua. Shida yangu ni hii. Nichukue kumi, katika saba mtoto mtukutu ataumia ukurasa wa mwisho ili mzee fulani apate kusema “nilikuonya”. Mtoto akishajua hivyo, akifika katikati ameshamaliza. Vimeandikwa vipite kwa mwalimu na vinunuliwe na shule, na mtoto mwenyewe hakuulizwa. Wala hiyo si mila yetu. Sungura wa bibi zetu huiba asali, huwadanganya wakubwa, na mara nyingi hupona. Abunuwasi humcheza mfalme na hakuna anayemchapa. Wazee hao walituamini. Walijua mtoto akichekea ujanja wa Sungura hatatoka pale kwenda kuiba.

Tena kuna hili la lugha lenyewe. Watoto wa Kimvita wakisema “nimekuya” kwa nimekuja, au “hini” kwa hii, darasani hukosolewa, nami nilikosoa miaka 31, kwa kalamu nyekundu. Kwenye mtihani haikuwa na budi. Lakini katika hadithi mtoto wa Likoni aseme kama mtoto wa Likoni. Omar na Jordan na Sunny kila mmoja ameachiwa ulimi wake.

Kwa kabati lako: njoo Jumamosi yoyote na gunia safi, nitakupa vitabu 20 kwa muhula, vya lugha zote mbili, urudishe, nikupe vingine. Rangi ya mabuyu haina faini.

Nami nimeanza jambo dogo ambalo ukitaka waweza kulianza huko kwako. Mwezi uliopita niligawa madaftari kwa watoto wa kibarazani, nikawapa sharti moja: hadithi kwa Kiswahili, na mwishoni asije mzee wa kutoa mafunzo. Wengi walinirudishia ukurasa mmoja. Binti mmoja wa Mtongwe, miaka 12, ameandika 14. Mtoto wake amebeba kapu la mahamri aliyotumwa na mamake auze ng'ambo kabla ya saa moja. Feri imezimika katikati ya mlango wa bahari. Meli kubwa yaja, honi yapigwa, mahamri yapoa, na mtu wa kwanza amekwisha nyoosha mkono ndani ya kapu bila kuuliza bei. Hapo pana alama nyekundu ya kidole, yake mwenyewe. Nilimuuliza, kisha ikawaje? Akasema hajui, feri haijawaka. Amelichukua daftari lake na kwenda nalo.